Wadudu na vijidudu katika mazulia na mikeka

Wadudu na vijidudu katika mazulia na mikeka ni viumbe wadogo wanaoishi au kujificha ndani ya matandiko ya sakafuni, au katika vumbi na nyufa zilizo chini ya matandiko hayo. Baadhi yao hunyonya damu, baadhi huambukiza magonjwa, na wengine husababisha mzio, yaani hali ya mwili kupambana kupita kiasi na kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina sura mbili. Katika nyumba yenye sakafu ya saruji, hatari hutoka zaidi ndani ya zulia lenyewe: vumbi, utitiri, kuvu na bakteria. Katika nyumba yenye sakafu ya udongo, hatari kubwa zaidi hutoka chini ya zulia au mkeka, ambako hujificha papasi, funza na viroboto. Kwa hiyo kusafisha zulia bila kuangalia sakafu iliyo chini yake ni kutatua nusu ya tatizo.

Katika lugha ya kila siku viumbe hawa wote huitwa wadudu. Kisayansi, wadudu ni wale wenye miguu sita tu, kama viroboto, kunguni na funza. Papasi na utitiri wana miguu minane wakishakomaa, na huwekwa katika kundi moja na buibui.

## Matandiko ya sakafuni

Matandiko yanayotumika Afrika Mashariki ni ya aina nyingi. Mikeka na majamvi husukwa kwa ukindu au miyaa. Miswala hutumika kwa sala. Mazulia ya manyoya hutandikwa sebuleni, misikitini, maofisini na katika nyumba za wageni. Zulia la plastiki, ambalo wengi huliita kapeti, huuzwa kwa mita madukani na sokoni, na limeenea mijini na vijijini kwa sababu ni la bei nafuu na hupigwa deki kwa urahisi.

Kila aina ina udhaifu wake. Zulia la manyoya hushika vumbi ndani kabisa ya nyuzi zake, mahali ambapo fagio halifiki. Mkeka haushiki vumbi jingi, lakini hulipitisha kwenye matundu ya ususi wake likatulia chini. Zulia la plastiki halipitishi maji wala hewa. Juu linaweza kung'aa, huku chini unyevu umenaswa na kuvu inaota. Likitandikwa juu ya sakafu ya udongo, huficha pia nyufa ambazo mwenye nyumba angeziona na kuziziba.

Hali ya hewa nayo huchangia. Katika uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, zilipo Sumbawanga na Namanyere, mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Msimu wa mvua huingiza matope na unyevu ndani ya nyumba. Msimu wa baridi huwafanya watu wafunge madirisha na kukaa ndani muda mrefu zaidi, karibu na zulia na vumbi lake. Kwa upande mwingine, kiangazi cha nyanda hizo huwa na jua na hewa kavu, na mambo hayo mawili ni silaha nzuri ya bure dhidi ya viumbe wengi wanaoelezwa hapa.

## Jinsi uchafu unavyokusanyika

Ngozi ya binadamu hupukutisha chembe ndogo kila siku. Chembe hizo, pamoja na nywele, makombo ya chakula, mchanga wa viatu, manyoya ya wanyama na moshi wa jikoni, hutulia kwenye zulia. Mtu anapotembea juu yake, sehemu ya vumbi hurushwa tena hewani na sehemu nyingine hukandamizwa chini zaidi.

Uchafu peke yake si ugonjwa. Ili uwe makazi ya viumbe unahitaji mambo matatu: chakula, unyevu na utulivu. Zulia linalokanyagwa katikati ya chumba na kufagiwa kila siku huwa na viumbe wachache kuliko kona ile ile ya zulia iliyo chini ya kabati au kitanda, ambayo haijainuliwa tangu ilipotandikwa.

## Viumbe wanaoishi ndani ya zulia

### Utitiri wa vumbi

Utitiri wa vumbi ni wadogo kiasi cha theluthi moja ya milimita, hivyo ni vigumu kuwaona kwa macho matupu. Chakula chao ni chembe za ngozi. Hawanywi maji, bali hufyonza unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana hustawi mahali penye unyevunyevu na hufa hewa inapokuwa kavu kwa muda mrefu. Spishi inayojulikana zaidi ni *Dermatophagoides pteronyssinus*. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Uholanzi ndio waliobainisha kwamba utitiri huyu ndiye chanzo kikuu cha mzio unaoletwa na vumbi la nyumbani.

Utitiri hawaumi. Kinacholeta madhara ni kinyesi chao, ambacho ni vipande vidogo sana vinavyoruka hewani na kuvutwa puani. Kwa mtu mwenye mzio huleta chafya, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, ukurutu wa ngozi na kubanwa na pumu. Kinyesi hicho hubaki na nguvu yake hata baada ya utitiri wenyewe kufa.

Mfano mmoja kutoka Papua Guinea Mpya unaonyesha jinsi tandiko jipya linavyoweza kubadili afya ya jamii. Katika nyanda za juu za nchi hiyo pumu ilikuwa nadra sana miongoni mwa Wafore. Baada ya mablanketi ya pamba kuenea, pumu iliongezeka sana kwa watu wazima, na watafiti walikuta utitiri wengi mno ndani ya mablanketi yaliyokuwa hayafuliwi mara kwa mara. Matokeo hayo yalichapishwa katika miaka ya 1980.

Hata hivyo zulia halipaswi kubebeshwa lawama yote. Mara nyingi godoro, mto na blanketi huwa na utitiri wengi kuliko zulia, na mtu hulala uso wake ukiwa juu yake kwa saa nyingi. Tena, tafiti nyingi zilizopima njia za kupunguza utitiri peke yake hazikuonyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa wa pumu. Usafi husaidia, lakini hauchukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa pumu hapaswi kuacha dawa ya kuvuta kwa sababu tu ameondoa zulia.

### Kuvu

Zulia likilowa na kubaki hivyo kwa zaidi ya siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Dalili yake ya kwanza ni harufu ya uvundo, na baadaye madoa meusi au ya kijani upande wa chini. Mbegu za kuvu huruka hewani na huweza kuleta mzio, kikohozi na kubanwa kwa wenye pumu. Watu ambao kinga ya mwili wao imepungua wanaweza kupata maambukizi ya mapafu kutokana na baadhi ya kuvu.

Aina nyingine za kuvu huleta fangasi wa miguuni. Hawa huenea pale watu wengi wanapokanyaga peku zulia moja, hasa miguu ikiwa na maji. Hali hiyo hupatikana kwenye mabweni, vyumba vya mazoezi na nyumba za ibada. Kukausha miguu vizuri, hasa katikati ya vidole, kabla ya kukanyaga zulia la pamoja huwalinda mwenyewe na wenzake.

### Bakteria na virusi

Bakteria wa ngozi na wa kinyesi huweza kubaki hai kwenye zulia kwa siku au wiki kadhaa, hasa pakiwa na unyevu na mabaki ya chakula. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari yake ni ndogo. Kwa mtoto anayetambaa na kuweka mikono mdomoni, njia ya kuharisha huwa fupi.

Baadhi ya virusi ni wagumu zaidi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa hospitali moja nchini Uingereza katika miaka ya 1990. Mafundi wawili waliondoa zulia katika wodi iliyokuwa na mlipuko wa kutapika na kuharisha. Karibu wiki mbili zilikuwa zimepita tangu mgonjwa wa mwisho, na zulia lilikuwa likisafishwa vumbi kila siku, lakini mafundi hao waliugua. Kwa sababu za aina hiyo zulia la manyoya halifai kutandikwa wodini, wala katika chumba cha mgonjwa anayetapika au kuharisha.

### Mayai ya minyoo

Mayai ya minyoo ya mviringo, *Ascaris lumbricoides*, yana ganda gumu na huweza kuishi kwenye udongo kwa miezi mingi. Huingia ndani yakiwa yamenata kwenye viatu na nyayo, kisha hufika mdomoni kupitia mikono au chakula kilichoanguka. Minyoo ya safura ni tofauti: lava wao hupenya ngozi ya mguu, lakini wanahitaji udongo wenye joto na unyevu, na hufa upesi mahali pakavu. Zulia kavu si mahali pao. Sakafu ya udongo yenye majimaji huweza kuwa.

### Viroboto

Kiroboto aliyekomaa hukaa juu ya mnyama, lakini mayai yake hudondoka popote mnyama anapolala. Lava hujificha ndani ya zulia au vumbi, wakila mabaki na kinyesi cha viroboto wakubwa chenye damu iliyokauka. Baadaye hujifungia ndani ya kifuko, na humo huweza kusubiri kwa wiki au miezi hadi wahisi mtikisiko, joto au pumzi ya mtu. Ndiyo sababu familia inayorudi kutoka safari ndefu huweza kushambuliwa na viroboto mara tu inapofungua nyumba, ingawa hakuna mnyama aliyekuwamo.

Viroboto wa panya hueneza tauni. Nchini Tanzania ugonjwa huo ulizuka katika wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, mwaka 1980 na uliendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti waliofanya kazi huko walikuta pia kiroboto wa binadamu, *Pulex irritans*, kwa wingi ndani ya nyumba za vijiji vilivyoathirika.

### Kunguni na mbawakawa wa zulia

Kunguni hupenda nyufa za kitanda na pindo za godoro, lakini wakizidi hujificha pia kwenye kingo za zulia lililogusana na ukuta. Huuma usiku na kuleta mwasho na kukosa usingizi. Haijathibitishwa kwamba huambukiza magonjwa katika maisha ya kawaida, ingawa wakiwa wengi sana huweza kuchangia upungufu wa damu kwa watoto.

Mbawakawa wa zulia hutajwa kwa jina hilo kwa sababu lava wake hula sufu, manyoya na ngozi. Yeye haumi mtu. Vinyweleo vya lava huweza kuwasha ngozi, na hasara yake kubwa ni matundu katika zulia lenyewe.

## Viumbe wa chini ya mkeka

### Papasi

Papasi ni kupe laini wa spishi ya *Ornithodoros moubata*. Katika mashariki ya Kongo huitwa pia kimputu. Ana rangi ya kijivu au kahawia, ngozi yake ni kama ngozi ya mnyama iliyokunjamana, na ukimtazama kwa juu kichwa hakionekani. Mchana hujichimbia katika nyufa za sakafu ya udongo na sehemu ya chini ya kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa takriban nusu saa, kisha hurudi alikotoka. Asubuhi mtu huamka haoni kitu. Anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula, hivyo nyumba iliyohamwa zamani huweza kuwa bado na papasi.

Papasi huambukiza bakteria aitwaye *Borrelia duttonii*, anayesababisha homa ya papasi. Bakteria hao hupita kwenye mate ya papasi na kwenye majimaji anayotoa karibu na miguu yake wakati wa kunyonya. Jike huwarithisha watoto wake kupitia mayai, hivyo papasi wadogo wanaweza kuanguliwa wakiwa tayari na maambukizi.

Historia ya ugunduzi wa ugonjwa huu imefungamana na Afrika Mashariki na Kati. Msafiri David Livingstone aliandika juu ya madhara ya kuumwa na kupe wa aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1857. Mwaka 1904 na 1905, madaktari Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walichunguza ugonjwa huo mashariki mwa Kongo. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30. Jina la bakteria lilitolewa kwa heshima yake. Mwaka huo wa 1905, Robert Koch alikuwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuta papasi katika vibanda vya kupumzikia vya njia za misafara, walimolala wapagazi, na akaona bakteria ndani ya mayai ya papasi hao.

Homa huanza takriban wiki moja baada ya kuumwa. Mgonjwa hupata joto kali, maumivu ya kichwa na viungo, baridi na kutapika. Baada ya siku tatu hivi homa hushuka ghafla kwa jasho jingi, na mgonjwa hujiona amepona. Baada ya siku kadhaa homa hurudi, kwa sababu bakteria hubadili protini za uso wao na kinga ya mwili hulazimika kuanza upya kuwatambua.

Mwenendo huu huleta hatari ya kuchanganya ugonjwa na malaria. Mgonjwa humeza dawa ya malaria, homa inashuka yenyewe kwa zamu yake, na watu husema dawa imefanya kazi. Aidha, kipimo cha haraka cha malaria hakimwonyeshi bakteria huyu. Huonekana kwa hadubini, katika tone la damu lililochukuliwa wakati homa imepanda. Kwa hiyo mtu mwenye homa inayorudi-rudi, ambaye kipimo cha haraka hakionyeshi malaria na ambaye hulala katika nyumba ya udongo, anapaswa kueleza hayo kituoni ili damu yake ipimwe kwa hadubini. Ugonjwa hutibika kwa antibiotiki zinazotolewa na mtaalamu. Dozi ya kwanza hutolewa chini ya uangalizi, kwani bakteria wengi wanapokufa kwa pamoja hali ya mgonjwa huweza kuwa mbaya kwa saa kadhaa.

Wajawazito na watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Bakteria huweza kupita kwenye kondo la nyuma, na ugonjwa huweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa njiti au kufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Tafiti zilizofanywa vijijini Tanzania katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa hasara hiyo ilikuwa kubwa.

### Funza

Funza wa miguuni, ambaye huitwa pia tekenya, ni kiroboto mdogo wa spishi ya *Tunga penetrans*. Asili yake ni bara la Amerika. Inaaminika kwamba mwaka 1872 alifika Ambriz, Angola, ndani ya mchanga wa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa ameshavuka bara hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Jike hupenya ngozi ya mguu, huvimba hadi ukubwa wa njegere na kutoa mayai yanayodondoka chini. Katika vumbi la sakafu ya udongo, hasa chumba cha kulala, mayai huanguliwa na lava hukua bila kutoka nje ya nyumba. Hivyo mtoto anayetolewa funza leo huweza kuingiliwa na wengine kesho akiwa amelala pale pale.

Vidonda vya funza huleta maumivu, kushindwa kutembea vizuri, na kwa wanafunzi utoro na kuchekwa na wenzao. Kuchokonoa kwa sindano au pini chafu huweza kuleta pepopunda, na kuchangia pini moja huweza kuambukiza magonjwa yanayopita kwenye damu.

### Buu wa sakafuni

Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yuko buu wa nzi aitwaye *Auchmeromyia senegalensis*. Mchana hujificha kwenye udongo chini ya mkeka, usiku hunyonya damu ya aliyelala juu yake. Dutton na Todd, pamoja na mwenzao Cuthbert Christy, walimweleza mwaka 1904. Haambukizi ugonjwa unaojulikana. Hawezi kupanda, hivyo kitanda kilichoinuka kidogo tu humkinga mtu kabisa.

## Walio hatarini zaidi

* Watoto wanaotambaa, kwa kuwa hucheza, hula na kulala sakafuni.
* Wajawazito, hasa katika maeneo yenye homa ya papasi.
* Wenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu.
* Wazee na wagonjwa ambao kinga ya mwili wao imepungua.
* Watu wasio na vitanda, wakiwemo wageni na watoto wanaotandikiwa chini nyumba inapojaa wakati wa msiba, harusi au sikukuu.

## Kinga

### Kusafisha tandiko

Zulia dogo na mkeka hutolewa nje, hukung'utwa na kuanikwa juani kwa saa kadhaa, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Joto na ukavu huua utitiri na lava wengi, na kukung'uta hupunguza kinyesi chao. Anayekung'uta afunike pua na mdomo, na mwenye pumu akae mbali. Zulia linalofulika lifuliwe mara kwa mara. Maji ya moto wa nyuzi 60 huua utitiri, lakini si kila zulia linayavumilia. Mashine ya kunyonya vumbi huondoa vumbi na mayai ya viroboto, ila utitiri walio hai hung'ang'ania nyuzi.

Zulia lililofuliwa lisirudishwe ndani kabla ya kukauka kabisa. Wakati wa mvua ni afadhali kulikunja na kulihifadhi likiwa kavu kuliko kulifua na kulitandika bichi. Jiko la mkaa lisitumiwe kukaushia zulia ndani ya chumba kilichofungwa, wala kupashia joto chumba cha kulala. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua.

Zulia la plastiki liinuliwe mara kwa mara ili sakafu ya chini ifagiwe na kukauka. Matapishi au kinyesi viondolewe mara moja, mahali hapo paoshwe kwa sabuni, kisha pakaushwe. Viatu viachwe mlangoni.

### Kutengeneza sakafu

Sakafu isiyo na nyufa ndiyo kinga ya kudumu zaidi, kwa sababu huwaondolea papasi, funza na viroboto makazi. Nchini Meksiko mpango wa serikali uliotumia saruji badala ya sakafu za udongo ulifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watafiti walikadiria kuwa kubadili sakafu yote ya nyumba kuwa ya saruji kulipunguza minyoo na vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81.

Pale ambapo saruji ni ghali, sakafu ya udongo huweza kuboreshwa. Nyufa huzibwa, udongo hushindiliwa na kusilibwa upya mara kwa mara, na maji kidogo hunyunyizwa kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke. Nchini Rwanda shirika la EarthEnable hujenga sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu, hivyo sakafu huweza kuoshwa.

### Kulala juu ya kitanda

Kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, chenye chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, humpunguzia mtu kuumwa na papasi, viroboto na buu wa sakafuni. Shuka na blanketi visiburuzike chini. Kuku na mbuzi wasilazwe katika chumba wanamolala watu, na mbwa na paka watibiwe viroboto.

### Viuadudu

Kupulizia dawa ndani ya nyumba huweza kusaidia sana pale penye papasi. Katika eneo la Mvumi, mkoani Dodoma, nyumba zenye papasi zilipopulizwa kiuadudu cha lambda-cyhalothrin, homa ya papasi ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Kazi hiyo inahitaji dawa iliyoidhinishwa kwa matumizi ya nyumbani, kipimo sahihi na mtu anayeijua.

Dawa za pamba, mahindi au mifugo zisipulizwe kwenye zulia wala matandiko. Mabaki yake hukaa pale pale mtoto anapotambaa. Mafuta ya taa huleta hatari ya moto. Dawa ya kung'arisha nguo isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa hewa ya sumu.

## Tazama pia

* Funza
* Kunguni
* Papasi
* Pumu
* Tauni
* Utitiri